Miaka Yangu kwenye Meza ya Kuwalalamikia Waheshimiwa

Wenzangu mliobaki kazini mmeniomba niwaandikie machache kabla sijayasahau. Nimeona niandike upesi, maana tangu nistaafu mke wangu amegundua kuwa najua kutundika mapazia, na nafasi yangu inapungua kila siku. Habari za vyeo sitaziandika. Cheo changu mnakijua, na mshahara wangu mnaujua kuliko mimi, kwa kuwa nyinyi ndio mliokuwa mkipitisha makato. Nitaandika habari za ile meza.

Niliwekwa pale zama za madiwani, kabla hawajageuzwa kuwa wawakilishi wadi. Nilikuwa idara ya masoko, nikigombana kwa amani na wauza ndizi, mkuu wetu akaniita. Akaniambia, "Shee, wewe ni mtu wa Mji wa Kale. Watu unawajua. Utatufaa kwenye malalamiko." Alikusudia kunisifu, masikini. Hakujua kuwa kuwajua watu wa Mji wa Kale ndiyo balaa yenyewe. Mlalamikaji wangu wa kwanza alikuwa binamu ya mama yangu, na diwani aliyelalamikiwa alikuwa binamu ya mke wangu. Jioni ile chakula nililetewa bila kusemeshwa.

Chumba chenyewe mnakijua: mwisho wa ujia, baina ya stoo ya mafagio na choo cha wageni. Aliyekuja kumlalamikia diwani ilimbidi apite mbele ya milango ya madiwani wote, mmoja baada ya mwingine, na wao wakati huo walikuwa wakipenda kuacha milango wazi kwa sababu ya joto. Kila mlango ulimsalimu. "Karibu! Wamtafuta nani?" Wengi walipofika kwetu walikuwa washaishiwa ushujaa, wakatuuliza choo kiko wapi. Nilipokuwa mgeni nilikuwa nikiwaonyesha choo. Bi Perpetua ndiye aliyenikataza.

Bi Perpetua alikuwa mwenyeji wa Taita, mwanamke mfupi wa miwani minene, aliyeanza ukarani relini akahamia kwetu. Ndiye aliyenifundisha kazi. "Mtu akikuuliza choo," aliniambia, "mpe kwanza kiti na maji. Akisha kunywa, mwulize tena kama bado anakitaka." Nikafanya hivyo. Kumbe karibu wote walikuwa hawana haja na choo.

Jambo kubwa alilokuwa nalo Bi Perpetua, na ambalo mimi sikuweza kulipata hata ningesoma vipi, ni kwamba hakuwa na jamaa hata mmoja kisiwani. Mimi nikiingia mtaani kwetu Kuze nasalimiana na ukoo mzima kabla sijafika dukani. Yeye akipita, watu walimwamkia kwa adabu wakaendelea na mambo yao. Basi wenye malalamiko mazito waliingia, wakanitazama mimi, wakatazama pembe yake, wakasema, "Twataka kusema na yule mama." Mwanzo niliona vibaya. Baadaye nilijifunza kutoka nje mwenyewe kabla sijaombwa.

Na vifaa. Vijana mnadhani kazi ile ilifanywa kwa kompyuta. Kifaa chetu bora kilikuwa feni ya mezani iliyokuwa ikilia kama cherehani kuukuu. Upepo haikuwa nao wa kutaja. Kazi yake ilikuwa kelele: ukiiwasha, aliye ujiani hasikii neno. Bi Perpetua hakuwahi kumwuliza mtu jina kabla hajaiwasha. Siku moja wakubwa wakatuonea huruma, wakatuletea feni mpya, ya kimya kabisa. Malalamiko yakapungua mno, na mkuu akatusifu mkutanoni kwamba maadili ya madiwani yameimarika. Tuliitoa ile kuukuu stoo, tukaifuta vumbi, na maadili yakarudi pale pale.

Sentensi niliyoisikia zaidi maishani, ukiondoa salamu, ni hii: "Nakwambia tu, usiandike." Alikuja mzee mmoja kutoka upande wa Mwembe Tayari, mtu wa bara aliyekuwa na hoteli ndogo ya abiria wa mabasi, akasema lori la baraza la kuzolea taka limeonekana likibeba makabati na kitanda vya harusi ya binti wa diwani. Likanyunyiziwa marashi kwanza, lakini lori ni lile lile. Nikachukua kalamu. "Usiandike," akasema. Nikamwuliza kwa nini basi amepanda ngazi zote hizi. Akasema ni kwa sababu taka zimelala mbele ya hoteli yake tangu juma lililopita, na ameona mtu wa serikali ajue. Nikamwambia sasa najua. Akashukuru sana, akaenda zake ameridhika. Taka zilizolewa harusi ilipokwisha.

Zikaja serikali za kaunti. Madiwani wakawa waheshimiwa, vibao vya milangoni vikabadilishwa, na malalamiko yakahamia utawala mpya bila kupotea hata moja. Kilichobadilika ni kwamba sasa tulikuwa na kanuni, na kamati ya maadili. Kamati ya kuwahukumu waheshimiwa ilikuwa ya waheshimiwa wenyewe, utaratibu ambao bado sijausikia ukitumiwa kwa wezi wa kuku.

Katika kanuni zile kulikuwa na kipengele kimoja ambacho aliyekiandika bila shaka alikuwa mtu mwema. Kilisema kuwa pande mbili zikipatana, na mlalamikaji akatia sahihi, shauri limekwisha. Pengine kwingine kipengele hicho kingekuwa sawa. Kwetu Mji wa Kale kilikuwa shimo, na kila lalamiko nililolilea lilitumbukia humo.

Nieleze, kwa ajili ya wale ambao si wa huku. Kwetu mtu akikukosea, halafu akaja nyumbani kwako alasiri na wazee, na sinia ya halwa, akainama akasema, "Nimekosa, niwie radhi," huna la kufanya. Unasema nimekusamehe. Kahawa inazunguka, Fatiha inasomwa, watu wanaondoka. Kumwambia mtu aliyeinama mbele yako kwamba utamsamehe akifanya hivi na hivi ni aibu kubwa. Ni kama umeweka radhi sokoni. Basi mlalamikaji anasamehe, anakuja kwangu asubuhi anatia sahihi, na mimi napeleka taarifa juu kwamba shauri limesuluhishwa. Wakubwa walitupenda. Hakuna ofisi iliyosuluhisha kama yetu. Yale mambo yenyewe yaliyolalamikiwa yalibaki mahali pake, yamesamehewa.

Sasa nifike kwa Bi Rukia, maana ndiye aliyenifanya niandike.

Bi Rukia aliingia ofisini asubuhi moja, mwanamke wa makamo ya mama yangu, buibui limetulia, mkononi mwavuli. Alikuwa ameipita ile milango yote na kila mlango kauitikia salamu. Hakuuliza choo. Aliketi, akanitazama.

"Sabalkheri, Shee. Hujambo? Mamako hajambo? Nimekuja kumshitaki Twalib. Andika."

Feni ilikuwa bado haijawashwa. Bi Perpetua aliinua miwani kumtazama vizuri.

Twalib ndiye mheshimiwa wetu wa wadi, na nimeamua kumwita hivyo kwa kuwa silo jina lake. Alizaliwa Kuze, akakulia mlango wa pili kutoka kwa Bi Rukia, akila mahamri yake kila asubuhi akienda chuoni kusoma Kurani. Siwezi kusema alikuwa mtu mbaya. Sikumwona hata siku moja akikosa msiba. Ukifiwa, kabla hujamaliza kulia, vijana wake washafika na turubai na viti, bure, na yeye mwenyewe yuko mbele akibeba jeneza, na machozi yake ni ya kweli. Alishinda uchaguzi misibani. Mikutano ya hadhara ilikuwa ya kukamilisha tu.

Lakini maturubai na viti lazima vilale mahali. Na Twalib alivilaza katika kichochoro kilichopita ubavuni mwa nyumba yake. Akatia lango la chuma mdomoni mwa kichochoro, barabarani, na kufuli. Aliyeuliza aliambiwa ni kwa usalama. Kichochoro kile ndicho kilichokuwa njia ya kwa Bi Rukia tangu nyumba zile zijengwe. Ukitoka barabarani unakwenda moja kwa moja mpaka mlangoni pake. Sasa ilibidi azunguke nyuma ya msikiti, ashuke ngazi za mawe zilizolika, apite pembe yenye mtaro wa maji machafu, ndipo atokee kwake kwa upande wa pili.

Mwenyewe Bi Rukia angezunguka asiseme neno. Tatizo lilikuwa mumewe. Mzee Athmani, aliyekuwa fundi saa, figo zilikuwa zimemchoka. Kila wiki alikuwa na siku zake za kupelekwa hospitali kusafishwa damu, na miguu haikumbeba tena. Wapwa zake wawili walikuwa wakimweka kwenye kiti cha mbao, wakimpeleka mpaka barabarani kwenye tuktuk. Kwa kichochoro ilikuwa hatua chache. Kwa ngazi ilikuwa kazi ya kuomba Mungu.

Niliandika. Barua ikaenda kwa Mheshimiwa ajibu. Jibu lilifika kwa Bi Rukia Ijumaa, likiwa na halwa. Twalib alikwenda na wazee, na mbele yao Maalim Idarus, aliyetusomesha sote Kurani, mimi na Twalib pia. Jumatatu Bi Rukia alikuja kutia sahihi.

"Amekuja na Maalim, babangu. Ningesemaje?"

"Na lango?"

"Kasema inshallah."

Lango halikusogea. Baada ya muda akaja tena, nikaandika tena, na halwa ikaenda tena. Alipokuja kutia sahihi mara hii hakunitazama usoni. Mkuu wetu alipata taarifa ya pili ya usuluhishi kutoka Kuze, akasema anafurahi kuona wananchi wanavyosikilizana na viongozi wao. Bi Perpetua alikuwa akifungua kopo la biskuti. "Tumezika tena," akasema, akanipa biskuti.

Mara ya tatu Bi Rukia alikuja amechoka. Wapwa waliteleza kwenye ngazi, kiti kikaenda upande, Mzee Athmani akaangukia mkono ule ule wa kutiwa sindano. Siku ile hakufika hospitali. Alirudi kitandani amevimba.

"Sasa yuasema haendi tena," Bi Rukia akatuambia. "Yuaona haya kubebwa. Asema awasumbua watoto wa watu, wamwache alale. Shee, asipokwenda atakufa, daktari kasema waziwazi. Mume wangu yuataka kufa kwa haya, na mie halwa ya Twalib ingali kabatini."

Akalia. Bi Perpetua alizima feni, jambo ambalo sikuwahi kumwona akifanya, akasimama akafungua mlango wazi ili ujia mzima usikie mtu akilia. Milango ya waheshimiwa ilianza kufungwa mmoja mmoja.

Mzee Athmani alibembelezwa, akakubali kwenda siku moja tu, ya mwisho. Na Twalib, alipopata barua ya tatu, akatuma salamu kuwa atakuja siku hiyo hiyo alasiri na wazee kumwomba Bi Rukia radhi. Siku hiyo ilichaguliwa na Bi Rukia, si yeye. Bi Perpetua aliponisikia nikisimulia akaniambia, "Safari hii nenda ukakae hapo kama mtu wa ofisi. Ila usinywe kahawa. Ukinywa, umesuluhishwa na wewe."

Nikaenda. Mgeni kukataa kahawa katika nyumba ya Kuze! Niliweka kikombe mbele yangu, nikakitazama, na wazee wakanitazama mimi. Twalib alikuwa amevaa kanzu nyeupe iliyopigwa pasi mpaka ina makali. Msaidizi wake alikuwa mlangoni na simu, akipiga picha. Sinia ya halwa ilikuwa katikati. Twalib akainama.

"Mamangu Rukia, mie ni mwanao. Nimekosa, niwie radhi."

"Hujanikosea mimi, mwanangu," akasema Bi Rukia. "Kwangu mie ushasamehewa tangu mwanzo. Mwenye kukosewa ni Bwana Athmani. Mngojeni, mumtake radhi mwenyewe. Yuaja sasa hivi kutoka hospitali."

Wazee wakaona ni maneno ya haki. Wakangoja. Mara simu ikaja: tuktuk imefika barabarani.

"Na wapwa zako wako wapi wampokee?" akauliza Maalim.

"Nimewatuma Mwembe Tayari, Maalim. Nina mgeni ashuka na basi la bara." Akaisogeza sinia ya halwa pembeni. "Sikudhania kama nitakosa wanaume, na nyumba imejaa hivi."

Mpaka leo sijui huyo mgeni wa bara alikuwa nani, na sikumwona. Tuliinuka. Ungefanya nini? Tukatoka na kile kiti cha mbao, tukapita mtaroni, tukapanda ngazi, tukazunguka msikiti, tukamkuta Mzee Athmani ndani ya tuktuk, uso umemwiva kwa haya, mkono una bandeji.

"Niwieni radhi," akasema. "Nawasumbua watu wazima."

Hilo ndilo neno la kwanza la radhi lililosemwa njiani, na alilisema yeye. Alilirudia kila hatua. Twalib alishika mguu wa mbele wa kiti, maana msaidizi alikuwa bado anapiga picha. Mimi nilishika wa nyuma. Tulipopita mbele ya lango la chuma, Maalim akasema tupumzike. Tukaweka kiti chini. Ndani ya nondo viti vya msiba vilikuwa vimepangwa mpaka usawa wa kifua, na kwa juu yake, hapo hapo, tuliuona mlango wa Bi Rukia na yeye amesimama.

"Hili lango ni la nini, Twalib?" Maalim aliuliza. Kwake yeye hapakuwa na mheshimiwa.

"La usalama, Maalim."

"Fungua basi tupite na mgonjwa."

Twalib akajipapasa kanzu. Ufunguo alikuwa nao kijana wa maturubai, na kijana alikuwa Likoni kwenye harusi. Tukanyanyua kiti, tukaendelea. Kwenye ngazi ilibidi kiti kiinamishwe, na Mzee Athmani akamshika Twalib shingoni kama mtoto. Kanzu ilipata rangi za kila aina pale mtaroni. Msaidizi alikuwa kaacha kupiga picha zamani. Mimi niliyekuwa nyuma niliona miguu ya Twalib ikitetemeka, na, Mungu anisamehe, nilifurahi.

Tulipofika ndani wote tulikuwa tunahema. Twalib akapiga magoti mbele ya kiti, na safari hii hakuna aliyemwambia apige.

"Mzee, nisamehe."

"Nishakusamehe, mwanangu," akasema Mzee Athmani papo hapo. Kwa adabu ile ile iliyokuwa ikimwua.

Basi nikajua yamekwisha. Maalim alikuwa anainua mikono kwa Fatiha. Karatasi ya kufunga shauri ilikuwa mfukoni mwangu, na sheria ilinitaka niitoe, nikaitoa. Fatiha ikasomwa. Nikamsogezea Bi Rukia kalamu.

"Hata," akasema. "Hiyo sitii sahihi."

Mzee mmoja akasema taratibu, "Lakini umesamehe, Bi Rukia. Sote tumesikia."

"Nimesamehe, na mume wangu kasamehe. Radhi ilikuwa yetu, tumeitoa. Ndia si yangu. Ni ya watu, wapitao na watakaokuja kupita. Nitamsameheje Twalib kitu cha watu?"

Nilikaa kwenye meza ile miaka yote, nikasoma kanuni mbele na nyuma, na hakuna siku niliyolisikia jambo hilo likisemwa. Maalim akateremsha macho kwenye mkeka. Akasema, "Kasema kweli." Bi Rukia akanigeukia mimi.

"Sasa kunywa kahawa yako, Shee. Imepoa."

Nikainywa, baridi, na sijapata kunywa kahawa tamu kama ile.

Mzee Athmani, akisha kubebwa na wazee wazima, hakusema tena kwamba haendi hospitali. Lalamiko likaenda mbele ya kamati ya maadili. Kamati ikapanga siku, akidi ikakosekana. Ikapanga nyingine, mwenyekiti akawa safarini kujifunza maadili ya nchi za nje. Msikae mkaingojea, haikukutana.

Kilichomaliza mambo ni msiba. Alifariki mzee mmoja wa mtaani, na kama kawaida maturubai ya Twalib yakafika, viti vikapangwa barabara nzima. Maalim Idarus akaja, akapewa kiti cha mbele. Hakuketi. Alisimama, na umri ule, ameegemea fimbo. Akaulizwa kama kuna kasoro. Akajibu kwa sauti yake ya chuoni kwamba viti hivi vimelala juu ya njia ya watu, na yeye miguu yake bado inamtosha. Wazee waliokuwa wameketi wakaanza kuinuka, huyu kwanza, kisha yule, kila mmoja akijifanya anajinyoosha tu. Mwisho barabara ilijaa watu wamesimama na viti vitupu, na Twalib katikati yake akimkaribisha kila aingiaye. Mtu ambaye siasa yake yote ilikuwa misiba! Nilimwonea huruma, lakini kidogo.

Juma lile lango liling'olewa. Na kwa kuwa Twalib alikuwa Twalib, palikuwa na sherehe. Utepe ukafungwa mdomoni mwa kichochoro, wapiga picha wakaletwa, akahutubia kwamba amesikia kilio cha wananchi na kwamba kufungua njia ni ahadi aliyoitoa tangu zamani. Katikati ya hotuba ikafika tuktuk ya hospitali. Wapwa wakamtoa Mzee Athmani na kiti chake, wakasimama nyuma ya umati hawajui la kufanya. Mzee akaanza, "Niwieni radhi..." Twalib akamwona. Nilishuhudia akili ya mwanasiasa ikifanya kazi, na lazima niseme inakwenda mbio. "Mpisheni Mzee!" akapiga kelele, akautupa utepe pembeni, akashika kiti, akaingia nacho kichochoroni mbele ya kamera zote. Watu wakashangilia. Hatua chache tu, Mzee akawa mlangoni kwake.

Picha hiyo ndiyo aliyoitumia uchaguzi uliofuata. Mabango yalijaa mji: Twalib, kiti, na Mzee Athmani akicheka kwa haya. Alishinda. Mimi nilikasirika hasa. Nilikwenda mwenyewe kwa Bi Rukia kumwambia kuwa kutumia picha ya mgonjwa bila ridhaa ni kosa katika kanuni, na kwamba nikiwa bado kazini niko tayari kuandika. Alinisikiliza, akasema nisijisumbue.

Wiki yangu ya mwisho kazini nilipita Kuze kuaga. Nikamkuta Bi Rukia kichochoroni amepanda juu ya kigoda, umri ule, na bakuli la gundi ya unga wa ngano. Bango la Twalib ukutani lilikuwa limebanduka pembe kwa mvua, naye alikuwa akilibandika tena, akilipapasa kwa kiganja lisiwe na mikunjo.

"Bi Rukia!" nikasema. "Uchaguzi ulikwisha zamani."

"Kwao ulikwisha," akasema bila kugeuka. "Waona, kila anayepita hapa humtazama Twalib yuampitisha mume wangu katika ndia hii. Naye mwenyewe hupita, hujitazama. Sasa ataifungaje tena, babangu, na yeye mwenyewe kasimama mlangoni?"

Tuktuk ikasimama barabarani. Nikasikia sauti ya Mzee Athmani ikiwasalimu watu wa dukani kwa furaha, mmoja mmoja kwa jina, na wapwa wakimwambia asubiri wamnyanyue. Bi Rukia akachovya mkono katika gundi.

"Nishikie kigoda, Shee," akasema, "nimalizie pembe hii kabla hajafika."

Nikamshikia.